Mke wa Sajini, Jirani Yetu wa Gitega

Baba yangu alikuwa fundi cherehani na jirani yetu alikuwa mpika pombe. Katika Gitega, mtaa wetu wa Kigali, wakati ule nyumba zilibanana kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwake, wewe unamwombea afya ukiwa kwako. Kwa hiyo kila jirani alipoanza kuchemsha mtama wake, harufu iliingia kwetu bila hodi, na baba, Mwislamu wa swala tano, alifunga dirisha kwa kishindo ili asikike. Naye jirani, upande wa pili wa ukuta, alicheka kwa sauti ili asikike vilevile.

"Fundi, harufu hailewi mtu!"

Baba alijifunza ushonaji Bujumbura alipokuwa kijana, na huko huko akapata dini na Kiswahili. Aliporudi Kigali alimwoa mama, binti wa wakulima wa Ndera, na mimi ndiye mtoto wao pekee. Vitambulisho vyetu viliandikwa Watutsi. Jirani na mumewe walikuwa Wahutu waliotoka kaskazini, upande wa rais, na mumewe alikuwa sajini katika jeshi la serikali. Sebuleni mwao kulikuwa na picha mbili, moja ya Bikira Maria na nyingine ya rais, na sikuweza kujua ipi ilifutwa vumbi mara nyingi zaidi. Jumapili alikwenda kanisani na beji ndogo kifuani yenye sura ya rais. Hakuwa akijipendekeza kwa mtu. Serikali ile ilikuwa imemchukua mumewe kutoka kwenye viazi vya baba yake, ikampa viatu, mshahara na heshima, na yeye hakuwa mtu wa kusahau fadhila.

Mimi nilimwita mama mdogo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano vita vilipoanza.

Vilianzia mbali, kwenye mpaka wa Uganda, mwaka 1990. Waasi waliingia, wengi wao watoto wa wakimbizi wa zamani, Watutsi kama sisi, ingawa hatukuwa tunamjua hata mmoja. Siku chache baadaye Kigali yote iliamshwa na milio ya risasi iliyodumu mpaka alfajiri. Redio ikasema adui amefika mjini na amefukuzwa, na kwamba wenzake wamejificha miongoni mwetu. Asubuhi wakaja kuwachukua watu. Baba alichukuliwa na sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye ukosi wa shati lake, akapelekwa uwanja wa mpira pamoja na maelfu ya watu wengine, wakakaa pale juani bila chakula.

Mama alikuwa amekaa chini mlangoni. Mama mdogo alikuja akampikia uji, akamshika bega akasema, "Dada, serikali haiwezi kumshika mtu bure. Wataangalia, wataona ni fundi tu, watamwachia."

Alisema hivyo kwa sababu aliamini hivyo. Sajini aliporudi nyumbani kubadilisha nguo, mkewe alimwuliza mbele yetu, "Hao adui wa usiku ule, mliwaua wangapi?"

Sajini alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno. Alifungua vifungo vya shati lake polepole kana kwamba hakusikia. Kisha akasema, "Hakuna."

"Hakuna mliyemwua?"

"Hakuna aliyekuja. Tulipiga juu."

Nakumbuka mama mdogo alivyosimama na kikombe mkononi. "Mlipiga juu kwa nini?"

"Waulize waliotuamuru," akasema, akaingia chumbani.

Nilikuwa msichana mdogo lakini nilielewa, na naamini yeye alielewa siku ile ile. Serikali ilikuwa imejipigia risasi yenyewe ili ipate sababu ya kuwashika watu. Beji aliendelea kuivaa. Ila Sajini alipotaka kurudi kambini, alimfuata mpaka barabarani, na sisi tulimsikia akimwambia, "Suruali zako zote zinapita mikononi mwa yule mtu. Kamtoe."

Ilichukua muda. Sajini alikwenda uwanjani mara moja, akarudishwa, akaenda tena, akawaambia walinzi kwamba yule ni fundi wa sare za kambi yao na kwamba kazi imelala. Hapakuwa na kazi iliyolala. Baba aliletwa nyumbani amekonda, mdomo umepasuka, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa jirani kutoa asante. Alisimama nje, kwenye harufu ya mtama uliokuwa ukichemka, hakuziba pua.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya maneno. Vita vilisimama, vikaanza, vikasimama. Vyama vya siasa viliongezeka, kila kimoja na bendera yake na kofia zake, na redio mpya ikaanza kusema mambo ambayo zamani watu waliyanong'ona. Vijana wa mtaa wetu, ambao tuliwajua tangu wakivuta magari ya makopo, walianza kupelekwa mazoezini, wakirudi wakiimba. Siku moja mama aliwaona wakipita, akamwuliza jirani, "Hawa wanafundishwa nini?"

"Serikali inajilinda," akajibu mama mdogo.

"Inajilinda na nani? Na mimi?"

Hawakusemeshana kwa muda mrefu baada ya hapo. Waliniweka mimi katikati, nikawa napeleka chumvi na kurudisha kiberiti. Kilichowapatanisha ni mtoto. Mama mdogo alikuwa amezaa binti baada ya miaka mingi ya kungoja, na binti huyo, alipoanza kutembea, hakutaka kukaa popote ila chini ya meza ya cherehani ya baba, akichezea vipande vya vitambaa. Mtu utanuniana vipi na jirani ambaye mwanawe amelala kwako?

Kisha ndege ya rais ikaanguka.

Asubuhi ile ya Aprili 1994 redio ilikuwa ikipiga muziki wa maombolezo na kuwaambia watu wote wabaki majumbani. Tulitii. Tulikuwa watu wa kutii. Kulikuwa na milio ya risasi kila upande, lakini safari hii hazikupigwa juu. Jirani hakupitia mlango wa mbele. Alivunja ua wa matete uliotenganisha nyua zetu nyuma, akatokea jikoni kwetu, macho mekundu. Alikuwa amemlilia rais tangu kulipokucha, kwa machozi ya kweli, na kanga yake ilikuwa imelowa.

"Inukeni," akasema. "Msichukue kitu."

Baba akaanza kuuliza. Akamkatiza: "Fundi, wale vijana wa mazoezi wako kwa mwalimu wa hapo jirani sasa hivi. Baada ya mwalimu ni wewe."

Alituingiza katika chumba chake cha nyuma, kile alichokitumia kuotesha na kuhifadhi kimea, mtama ulioota wa kupikia pombe. Kilikuwa chumba bila dirisha, chenye magunia, mitungi na mikeka ya kimea, na harufu nzito ya chachu inayoingia mpaka kwenye ulimi. Alipanga magunia mbele yetu, akatoka. Baba yangu, mtu wa kufunga dirisha kwa kishindo, aliishi mle mpaka Julai.

Haukupita muda tukawasikia wakivunja mlango wetu. Na katikati ya kelele zile tukasikia sauti ya mama mdogo, kali kuliko zote.

"Hiyo cherehani iko yangu! Iache chini!"

Mtu akamwambia kitu.

"Mume wangu iko mbele anapigania nchi, wewe uko hapa unabeba vitu! Nipe!"

Wakampa. Alirudi akiikokota cherehani yetu na meza yake uani huku akiwatukana, na walipomwuliza tumekwenda wapi, alisema tumekimbilia Nyamirambo kwa Waislamu wenzetu tangu jana, na kwamba kama wangekuwa wanaume wangewahi mapema. Walicheka, wakashuka bondeni. Mama, kwenye giza lile, alikuwa ameniziba mdomo kwa kiganja. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuivaa serikali kama koti, akakuficha ndani yake.

Lakini nisimfanye kuwa mtu asiyekuwa. Hakuwa amebadili upande. Jeshi la waasi lilikuwa limeshika vilima vya mashariki na kusini na lilikuwa likiuzingira mji kidogo kidogo. Jeshi la serikali lilishika katikati ya mji, sisi tukiwemo, na Sajini alikuwa kilimani, kwenye mlima Kigali, na mizinga. Kila mzinga ulipotoka mlimani, mama mdogo alishika rozari akamwombea mumewe. Kila kombora lilipojibu kutoka upande wa pili, mama yangu alisema moyoni, Mungu wape nguvu waje. Na makombora hayo ya waliokuwa wakija kutuokoa yaliangukia Gitega kama yalivyoangukia kwingine, na nyumba ya tatu kutoka kwetu iliezuliwa paa pamoja na waliokuwamo. Tukawa tunawaombea watu wanaotupiga. Wanawake wawili wale waliomba katika nyumba moja, mmoja chumbani na mwingine nyuma ya magunia, maombi yanayopingana, kisha mmoja akamletea mwenzake maharage.

Alipika katika sufuria ndogo. Angetumia kubwa, wapita njia wangejiuliza mwanamke mmoja na mtoto wanakula nini. Kwa hiyo alipika kidogo, akatugawia, akapika tena, siku nzima yuko jikoni, na watu wakadhani ni shughuli za pombe. Maji alichota mwenyewe bondeni, akipita kwenye bariyeri, kile kizuizi ambacho vijana wa mtaa walikuwa wameweka barabarani kuangalia vitambulisho. Alipita mbele ya maiti za watu aliowajua. Akirudi, aliweka mtungi chini, akatugawia. Hakutusimulia alichokiona, na hatukumwuliza.

Vijana wa bariyeri walikuja kunywa kwake. Hakuweza kuwakataza, kwani kumkatalia mtu pombe siku zile kungemfanya akuangalie mara mbili. Walikaa uani mchana kutwa, mapanga yameegemezwa ukutani, na sisi upande wa pili wa ukuta huo huo tukihesabu pumzi. Huko ndiko nilikosikia serikali ikijadiliwa kuliko nilivyowahi kuisikia kwenye redio.

"Mawaziri wamehama Kigali, wamekwenda Gitarama," alisema mmoja.

"Wamekwenda kuandaa mashambulizi."

"Na wake zao je? Nao wanaandaa mashambulizi?"

Wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa kizuri. Mmoja wao, sauti ya kijana aliyewahi kushonewa na baba kaptula ya shule, akasema polepole, "Mimi nataka kujua watatuchukua lini na sisi." Mama mdogo akawauliza kama awaongezee.

Baada ya majuma kadhaa likapita gari lenye kipaza sauti. Lilipita polepole, na tulisikia kila neno. Amani imerejea, lilisema. Mauaji yamekoma. Waliojificha watoke bila hofu, wafanyakazi warudi kazini, wakuu wa mitaa wamepewa amri ya kuwalinda raia wote.

Baba alisimama. Mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kukaa, ndevu zimemjaa, na alikuwa na hamu ya jua kama mtu mwenye kiu. "Wametangaza hadharani," alinong'ona. "Serikali haiwezi kutangaza hadharani kisha ikafanya kinyume. Hata ule mwaka wa uwanja wa mpira, mwishoni waliniachia."

Nami, nakiri, nilitaka maneno yake yawe kweli. Nilitaka kutoka.

Mama mdogo alifungua mlango, akasukuma gunia, akatukuta tumesimama.

"Kaka, keti," alisema. Hakuwa amewahi kumwita kaka, siku zote alikuwa fundi.

"Umesikia walivyosema?"

"Nimesikia. Na jana nimesikia kingine. Mume wangu ametuma mtu. Anasema nifunge mzigo, lori linakuja kuchukua wake za askari na watoto, kutupeleka Gitarama." Akamwangalia baba. "Kama iko amani, kwa nini wanahamisha watoto wao? Mtu mwenye amani nyumbani hatoi mtoto wake nje."

Baba aliendelea kusimama, mkono juu ya gunia.

"Wageni wanauliza maswali," akaendelea, "wazungu wa redio, watu wa misaada. Wanataka barabara zionekane safi. Na wale waliobaki, hawawezi kuwapata mpaka watoke wenyewe. Kaka, mimi naijua hii serikali. Imenilisha. Keti."

Baba akaketi.

Mwalimu, yule ambaye asubuhi ile ya kwanza walimkosa kwa sababu alikuwa ameruka ukuta wa nyuma, alikuwa amefichwa na shemeji yake mitaa miwili kutoka kwetu. Yeye alitoka. Mama mdogo alimwona akitembea barabarani na shati safi, akiwapa watu mikono, na watu wakimwambia karibu, pole, umekonda. Wiki haikuisha kabla hawajamchukua.

Siku lori lilipofika ilikuwa adhuhuri, mvua imekatika. Sajini aliingia uani na viatu vyenye udongo mwekundu, tukamsikia akiita, "Uko tayari? Mzigo uko wapi?"

"Siendi," akasema mkewe.

"Unasema nini?"

"Nina watu."

"Watu gani?"

Tulisikia viatu vikija. Magunia yakasogezwa, mwanga ukatuingia machoni, na kwenye mwanga huo akasimama askari wa serikali mwenye bunduki. Nilikuwa nimewaza mara nyingi jinsi mlango ule ungefunguka. Katika mawazo yangu yote, sikuwahi kumwona mtu ninayemjua.

"Salama, fundi," akasema Sajini.

"Salama, afande," akajibu baba. Alisimama akanyoosha kanzu yake iliyogeuka rangi ya kimea. "Kama umekuja kutuua, basi iwe hapa, na mkeo asipate shida kwa ajili yetu."

Sajini aliangalia huku na huku, akapindua mtungi mtupu, akaukalia. Alikuwa amechoka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mkewe alimletea maji kwenye kikombe. Alikunywa nusu, akampa baba nusu.

"Kule mlimani napigana na watu wenye bunduki," alisema. "Wewe una sindano. Sioni hapa nikuue kwa kazi gani."

Baba alimwuliza jambo ambalo sote tulikuwa tukijiuliza tangu Aprili. "Afande, nieleze. Wanataka nini? Kuua mafundi kutawasaidiaje kushinda vita?"

Sajini alifikiri. "Hakutasaidia. Wakubwa wanajua vita vinapotea. Wanaogopa raia watawageuka. Sasa, mtu aliyemwua jirani yake, atageukia wapi? Hana pa kwenda. Atabaki nao mpaka mwisho." Alijifuta uso. "Ndiyo maana wameigawa kazi kwa kila mtu. Wanatufunga kamba moja."

Hakuna kitabu nilichokisoma baadaye kilichonieleza jambo hilo vizuri kuliko mtu yule juu ya mtungi.

Nje, dereva wa lori alipiga honi. Mama mdogo akamwambia mumewe, "Nikienda, nyumba itabaki tupu, na nyumba tupu wanaingia siku hiyo hiyo." Sajini hakubishana. Alikwenda sebuleni, akamchukua binti yao aliyekuwa amelala, akamfunga ndani ya koti lake la kijeshi. Mama mdogo alimfuata mpaka mlangoni. Alimvisha mtoto viatu, akaviondoa, akavivisha tena. Walikubaliana ampeleke kwa bibi yake, mama wa Sajini, kaskazini, kwa kuwa Gitega makombora yalikuwa yakizidi na kesho yake haikujulikana. Mama yangu alitoka nyuma ya magunia, kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti ya kawaida, "Dada, nenda naye. Mwenyezi Mungu atatuangalia."

"Mungu amenituma mimi," mama mdogo akasema, na sauti yake haikuwa ya upole hata kidogo. "Rudi ndani."

Sajini alisimamisha lori kwenye bariyeri, akawatangazia vijana kwamba mkewe anaharisha damu, hawezi kusafiri, na asiingie mtu kwake asije akaueneza ugonjwa jeshini. Tangu siku ile hakuna aliyekuja kunywa. Tulikula uji wa mtama ule ule uliokusudiwa pombe. Mama mdogo hakulia mbele yetu. Ila alipokuwa akifagia, alipita na fagio kuzunguka meza ndogo ya cherehani aliyoiokoa, hakufagia chini yake, pale palipokuwa na vipande vya vitambaa alivyochezea binti yake.

Mwanzoni mwa Julai mizinga ya mlimani ilinyamaza. Vijana wa bariyeri walitoweka, na barabara ikajaa watu waliokuwa wakikimbilia magharibi na magodoro kichwani. Kisha ukaja ukimya, kisha askari wembamba wenye buti za mpira, wakiongea Kinyarwanda chenye lafudhi ya Uganda. Mama alianguka kifudifudi uani akashukuru. Mimi nilisimama juani nikaona mikono yangu ilivyokuwa myeupe kama ya mgonjwa.

Furaha ile haikuwa ya wote. Siku ya pili mtu fulani wa mtaani, ambaye hakuwahi kumficha hata kuku, aliwaambia askari wapya kwamba nyumba ile ni ya sajini wa jeshi lililokimbia, na kwamba mkewe aliwapa wauaji pombe. Yote mawili yalikuwa kweli. Wakaja kumchukua. Picha ya rais ilikuwa bado ukutani, hakuishusha. Alipoona buti zao mlangoni alivaa viatu, akasema yuko tayari.

Baba aliwatangulia akasimama barabarani. "Mnamchukua kwa kosa gani?"

"Mzee, hii ni nyumba ya adui."

"Hii ni nyumba yangu," baba akasema. "Nimeishi humu tangu Aprili. Nendeni mkaone nilipolala."

Ofisa wao, kijana asiyezidi miaka thelathini, aliingia mwenyewe katika chumba cha kimea. Alikaa humo kwa muda. Alipotoka alivua kofia, akamwuliza mama mdogo, kwa adabu, mumewe yuko wapi. Akasema hajui. Akamwuliza mtoto wake yuko wapi. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori, na mama yangu ndiye aliyemshika. Yule ofisa akaamuru wamwache.

Mama alikwenda Ndera kuwatafuta wazazi wake na kaka zake. Hakuna aliyebaki. Alirudi na jani la mgomba kutoka shambani kwao, akalala nyumbani kwa mama mdogo, si kwetu, na mimi sikuuliza kwa nini. Kila mmoja alikuwa na watu wake wa kungoja au wa kuomboleza. Walilima pamoja bustani ndogo nyuma ya nyumba, pale ua ulipovunjwa. Ua huo hatukuujenga tena.

Miaka miwili na zaidi ilipita kabla wakimbizi waliovuka mpaka na jeshi lililoshindwa hawajarudi kutoka Zaire, wakitembea kwa miguu kwa maelfu. Mama mdogo alikwenda kusimama barabarani kila siku. Siku aliyompata, binti yake alikuwa na bibi yake, mzee aliyepinda kama mundu, na mtoto alikuwa amerefuka, nywele zimenyolewa, hamjui mama yake. Mama yangu alimwogesha kwa maji ya moto. Baba aliketi kwenye cherehani akamshonea gauni siku hiyo hiyo, na mtoto akaja akasimama karibu na meza akitazama sindano inavyopanda na kushuka.

Bibi ndiye aliyetupa habari za Sajini. Alikufa kwa kipindupindu kambini Zaire, karibu na Goma, mwezi wa kwanza wa ukimbizi, kabla hata hajaweza kuwatafutia hema.

Baba aliamua kumfanyia matanga Gitega. Mama alihofu, kwani mwaka ule haikuwa rahisi kumlilia askari wa jeshi lile, na wengi waliofiwa walikuwa na haki ya kuchukia. Baba alisikiliza, akaenda kununua mbuzi. Majirani wengine walipita wakageuza uso. Wengine walikuja, wakakaa uani kwa mama mdogo, Waislamu na Wakatoliki, na wawili watatu ambao hawakuwa na ndugu hata mmoja aliyebaki. Padri alisali sala zake. Kisha baba akaomba kusema.

"Sijui mtu huyu alifanya nini mahali pengine," alisema. "Vita ni virefu, na Mungu ndiye aliyekuwa naye huko. Mimi nasema nilichokiona. Alinitoa uwanja wa mpira. Alinikuta chumbani kwake, amri aliyopewa anaijua, akanywa maji nusu akanipa nusu. Tangu siku ile mke wangu yuko hai, binti yangu yuko hai. Nimekuja kutoa asante mbele ya watu, kwa sababu siku ile chumbani, nilipotakiwa kuitoa mbele yake, mdomo wangu ulikuwa mkavu."

Akaketi. Mama mdogo alikuwa kwenye mkeka, binti yake kando, beji ya rais imeshatoka kifuani sijui lini. Mama akainuka kugawa chakula, nami nikachukua birika nikaanza kuwanawisha watu mikono, nikianza na bibi.